Kivuli Kilichoonekana na Kivuli Kilichokosekana: Historia ya Kutabiri na Kuangalia Nyota Zinapofichwa na Magimba ya Mbali ya Mfumo wa Jua, 1965–2023

1.0 Utangulizi

Magimba yaliyo mbali katika mfumo wa Jua, kuanzia Uranus hadi Ukanda wa Kuiper ulioko ng'ambo ya Neptune, huonekana madogo mno yanapotazamwa kutoka duniani. Pluto, yenye kipenyo cha kilomita 2,377, ni nukta ya mwanga tu katika darubini nyingi. Pamoja na hayo, pete za Uranus na angahewa ya Pluto vilijulikana kabla ya chombo chochote cha anga kufika huko, na pete za Haumea na Quaoar zimejulikana ingawa hakuna chombo kilichowahi kuzikaribia. Maarifa hayo yalipatikana kwa kusubiri gimba lipite mbele ya nyota iliyo mbali zaidi, likaifunika kwa muda mfupi, kisha kupima namna mwanga wa nyota hiyo ulivyopungua na kurejea.

Masimulizi yaliyozoeleka ya historia hii huipanga kama mfuatano wa ugunduzi: pete za Uranus mwaka 1977, angahewa ya Pluto mwaka 1988, pete za Chariklo mwaka 2013, pete ya Haumea mwaka 2017 na pete za Quaoar mwaka 2023. Mpangilio huo ni sahihi kwa tarehe, lakini unaacha nje sehemu kubwa ya ushahidi. Waangalizi waliosafiri, wakafunga darubini, wakalinganisha saa zao na kurekodi nyota ambayo haikufifia hata kidogo, hawana nafasi katika mfuatano huo. Kazi yao huchukuliwa kama safari iliyopotea.

Makala haya yanatetea hoja tofauti. Yanadai kwamba rekodi za kutoona ni sehemu ya msingi ya ushahidi wa taaluma hii, na kwamba thamani ya rekodi hizo ilipanda kwa kadiri watabiri walivyoweza kueleza ukubwa wa makosa yao wenyewe. Utabiri usiotaja ukingo wa kosa humfanya mtu ambaye hakuona kitu ashindwe kujua alichokishuhudia: huenda kivuli kilipita mbali naye, huenda gimba ni dogo kuliko ilivyodhaniwa, au huenda saa yake haikuwa sahihi. Ukingo wa kosa unapojulikana, kutoona kwake kunakuwa kipimo.

Ili kujenga hoja hiyo, sehemu ya 2.0 inafafanua istilahi na msingi wa kipimo. Sehemu ya 3.0 hadi 5.0 zinajadili kipindi ambacho utabiri ulitegemea picha za vioo, kwa mifano ya Uranus, Neptune na Pluto. Sehemu ya 6.0 inaeleza mabadiliko yaliyoletwa na chombo cha Gaia, na sehemu ya 7.0 inatazama nafasi ya Afrika katika rekodi hizo kabla ya hitimisho.

2.0 Istilahi na Msingi wa Kipimo

Kiswahili kina msamiati wa siku nyingi wa kupatwa kwa Jua na kupatwa kwa Mwezi. Makala haya hayatumii neno kupatwa kwa tukio linalojadiliwa hapa, kwa sababu neno hilo hujumuisha matukio mawili yenye utaratibu tofauti: Mwezi hupatwa unapoingia katika kivuli cha Dunia, ilhali Jua hupatwa Mwezi unaposimama kati yake na mtazamaji. Tukio la nyota linafanana na hili la pili. Kwa hiyo limeitwa kufichwa kwa nyota, na gimba linaloifunika limeitwa gimba fichi. Neno utabiri nalo linahitaji kuwekewa mpaka. Katika matumizi ya kila siku hubeba maana ya hali ya hewa na hata ya kupiga ramli. Hapa lina maana ya hesabu ya mahali na wakati, iliyoambatana na ukingo wa kosa.

Msingi wa kipimo ni rahisi kueleza. Nyota iko mbali kiasi kwamba miali yake hufika katika mfumo wa Jua ikiwa sambamba. Gimba fichi linapoikatiza, kivuli kinachoanguka juu ya Dunia huwa na upana unaokaribiana na upana wa gimba lenyewe. Kivuli hicho hukimbia juu ya uso wa Dunia kwa kasi ya takribani kilomita 20 kwa sekunde. Mwangalizi aliye katika njia yake akipima kwa uhakika muda ambao nyota ilitoweka, akauzidisha kwa kasi ya kivuli, hupata urefu wa mstari mmoja unaolikata gimba. Waangalizi kadhaa waliojipanga kukingama njia ya kivuli hupata mistari kadhaa, na mistari hiyo ikiwekwa pamoja huchora umbo. Waliokuwa nje kidogo ya njia, ambao nyota yao haikufifia, ndio wanaoweka mpaka wa umbo hilo. Bila wao, mistari iliyokatwa hukubali maumbo mengi.

Ugumu uko katika kujua kivuli kitaanguka wapi. Wanafalaki hupima nafasi angani kwa sekunde ya tao, yaani sehemu moja kati ya 3,600 za nyuzi moja. Kwa gimba lililo mbali nasi mara 30 ya umbali kati ya Dunia na Jua, kosa la sekunde moja ya tao huhamisha kivuli kwa takribani kilomita 21,800, ambazo ni nyingi kuliko kipenyo cha Dunia. Kosa la sehemu moja ya kumi ya sekunde hukihamisha kwa karibu kilomita 2,200, sawa na upana wa Pluto. Kwa gimba dogo la Ukanda wa Kuiper lililo mbali mara 43, kosa la sehemu moja ya elfu hukihamisha kwa takribani kilomita 31. Hesabu hii ndiyo inayoeleza kwa nini makala haya yanagawa historia kwa usahihi wa nafasi za nyota na si kwa ukubwa wa darubini.

3.0 Utabiri kwa Picha za Vioo: Pluto 1965 na Uranus 1977

Kazi ya kutabiri matukio haya kwa utaratibu ilianza kushika mizizi Uingereza katika miaka ya 1950, ambako Gordon Taylor, aliyekuwa katika ofisi ya almanaki ya Royal Greenwich Observatory, alilinganisha njia za asteroidi na sayari na orodha za nyota. Nafasi za nyota wakati huo zilipimwa kwenye picha zilizopigwa juu ya vioo, na makosa ya sehemu kadhaa za kumi za sekunde ya tao yalikuwa ya kawaida.

Mfano wa kwanza unaofaa kwa hoja yetu ni wa Aprili 1965. Ilitabiriwa kwamba Pluto ingepita karibu sana na nyota moja hafifu, na vituo kadhaa vya Amerika Kaskazini viliifuatilia chini ya uratibu wa Ian Halliday wa Kanada. Nyota haikufifia katika kituo chochote. Kwa mfuatano wa ugunduzi, hapo hapakuwa na tukio. Hata hivyo, picha zilizopigwa usiku huo ziliwezesha kupima ni kwa umbali gani Pluto ilipita kando ya nyota. Kwa kuwa umbali huo ulijulikana, ilifuata kwamba Pluto ingekuwa kubwa kuliko kiwango fulani, kituo kimoja au zaidi vingeiona nyota ikifichwa. Hivyo kutoona kuliweka kikomo cha juu cha kipenyo cha Pluto katika kipindi ambacho makadirio ya ukubwa wake yalitofautiana mno. Ushahidi huo uliwezekana kwa sababu kosa la utabiri lilipimwa usiku uleule badala ya kukisiwa.

Mfano wa Uranus unaonyesha upande mwingine wa kosa. Mwaka 1973, Taylor alitangaza kwamba tarehe 10 Machi 1977 Uranus ingeifunika nyota iliyoorodheshwa kama SAO 158687. Kwa umbali wa Uranus, sekunde moja ya tao ilikuwa na uzito wa takribani kilomita 13,000, hivyo kingo za kivuli hazikuweza kuwekwa kwa uhakika. James Elliot, Edward Dunham na Douglas Mink wa Chuo Kikuu cha Cornell walitumia ndege ya Kuiper Airborne Observatory, iliyobeba darubini yenye upana wa sentimita 91, wakaruka kutoka Perth hadi juu ya sehemu ya kusini ya Bahari ya Hindi. Ndege iliwapa uwezo wa kusogea kuelekea kusini, ambako uwezekano wa kuwa ndani ya kivuli ulikuwa mkubwa zaidi.

Kwa kuwa wakati wenyewe ulikuwa na shaka, waliwasha vipimo mapema. Zaidi ya nusu saa kabla ya sayari kuifikia nyota, mwanga ulipungua ghafla kwa muda mfupi na kurejea, kisha hali hiyo ikajirudia. Baada ya nyota kutokea upande wa pili wa sayari, upungufu kama huo ulionekana tena kwa mpangilio uliolingana na ule wa mwanzo. Dhana ya awali ya kuwepo kwa miezi midogo ilibadilika kuwa tafsiri ya pete nyembamba. Vituo vya nchi kavu, vikiwemo vya Perth, Kavalur nchini India na Cape Town, vilikuwa na rekodi zilizosaidia kuthibitisha. Matukio yaliyofuata ya nyota kufichwa yaliikamilisha idadi ya pete tisa kabla ya Voyager 2 kufika Januari 1986.

Wanahistoria wa sayansi hupenda kuuita ugunduzi huu wa bahati. Maelezo hayo hayatoshi. Rekodi ilianza mapema kwa sababu watabiri walikiri kwamba hawakujua kwa dakika kamili. Laiti wangeuamini utabiri kuliko ulivyostahili, wangewasha vipimo karibu na wakati uliotajwa, na pete zingepita bila shahidi ndani ya ndege hiyo.

4.0 Ushahidi Unaopingana: Neptune 1981–1989

Baada ya Uranus, ilikuwa kawaida kuuliza kama Neptune nayo ina pete. Nyota kadhaa zilifuatiliwa wakati Neptune ilipozikaribia, na majibu yalikuwa ya kukatisha tamaa. Waangalizi wengi hawakurekodi chochote. Wachache walirekodi upungufu wa upande mmoja tu wa sayari, bila ule wa upande wa pili ambao pete ya mviringo ingepaswa kuuleta.

Tarehe 24 Mei 1981, Harold Reitsema na wenzake nchini Marekani walirekodi upungufu mmoja wa mwanga, wakaufasiri kuwa ni mwezi mdogo. Gimba hilo, ambalo leo linaitwa Larissa, lilithibitishwa na Voyager 2 mwaka 1989. Tarehe 22 Julai 1984, makundi mawili yaliyokuwa katika vituo tofauti nchini Chile, La Silla na Cerro Tololo, yalirekodi upungufu mfupi uliolingana. Kwa kuwa vituo hivyo viko mbalimbali, kosa la kifaa au wingu havikuweza kuwa maelezo ya pamoja. Lakini upande wa pili wa sayari, nyota hiyohiyo haikufifia.

Hapa ndipo rekodi za kutoona zilipopata uzito. Endapo zingetupwa, hitimisho lingekuwa kwamba Neptune ina pete kamili kama za Uranus. Endapo zingeaminiwa peke yake, hitimisho lingekuwa kwamba haina kitu. William Hubbard, André Brahic na wenzao walilazimika kukubali aina zote mbili za rekodi kuwa za kweli, wakapendekeza kwamba nyenzo zinazoizunguka Neptune hazikusambaa sawasawa bali zimejikusanya katika vipande vya tao. Voyager 2 ilipofika Agosti 1989 ilionyesha kwamba pete zipo na zinazunguka sayari yote, lakini ya nje ina vipande vizito ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikifunika nyota, na sehemu nyingine nyepesi mno kuonekana kutoka duniani. Kila mwangalizi alikuwa amerekodi sahihi kile kilichopita mbele yake.

5.0 Shahidi Mmoja na Mashahidi Wengi: Pluto na Charon 1980–2002

Tukio la Aprili 1980 lilitabiriwa kwa ajili ya Pluto. Alistair Walker, akiwa katika kituo cha Sutherland nchini Afrika Kusini, alirekodi nyota ikitoweka kwa takribani sekunde 50. Gimba lililoifunika halikuwa Pluto bali Charon, mwezi wake uliokuwa umetambuliwa miaka miwili tu kabla, mwaka 1978. Mstari mmoja hauwezi kutoa kipenyo, kwa kuwa haijulikani ulikata katikati au pembeni. Unatoa kikomo cha chini. Walker alieleza kwamba kipenyo cha Charon hakiwezi kupungua kilomita 1,200. Chombo cha New Horizons kilipoipima mwaka 2015, kipenyo kilikuwa kilomita 1,212. Rekodi ya kituo kimoja barani Afrika ilikuwa imekaribia ukweli kwa miaka 35, na mwandishi wake hakudai zaidi ya kile ambacho mstari wake ungeweza kubeba.

Tarehe 19 Agosti 1985, Noah Brosch alirekodi tukio la Pluto katika kituo cha Wise nchini Israel, katika mazingira magumu ya uangalizi. Mwanga wa nyota ulififia taratibu, jambo ambalo lingeashiria angahewa, kwa sababu gimba lisilo na angahewa huukata mwanga ghafla. Shahidi alikuwa mmoja, na uchambuzi kamili wa rekodi hiyo ulichapishwa mwaka 1995. Kwa hiyo heshima ya kuthibitisha angahewa ya Pluto ilikwenda kwa tukio la tarehe 9 Juni 1988, lililoonekana na ndege ya Kuiper Airborne Observatory juu ya Pasifiki pamoja na vituo vya Australia na New Zealand. Mistari mingi iliyokubaliana iliondoa shaka ambayo mstari mmoja usingeweza kuiondoa.

Tofauti kati ya 1985 na 1988 haikuwa ya ubora wa macho ya waangalizi. Kati ya miaka hiyo, Mink na Arnold Klemola walichapisha orodha ya nyota ambazo Uranus, Neptune na Pluto zingezikaribia, na nafasi zake zikaendelea kuboreshwa kwa picha zilizopigwa kadiri tarehe ilivyokaribia. Mbinu ya kupiga picha moja inayobeba nyota na gimba fichi kwa pamoja ilipunguza makosa, kwa sababu kosa la orodha huathiri vyote viwili kwa kiasi kinachokaribiana. Utabiri ulipoimarika, vituo viliweza kupangwa mapema, na mashahidi wakaongezeka.

Matunda ya msingi huo yalionekana mwaka 2002. Pluto ilikuwa imepita sehemu ya njia yake iliyo karibu zaidi na Jua mwaka 1989, na wengi walitarajia angahewa yake ipungue kwa kuganda juu ya uso. Nyota mbili zilizofichwa, moja Julai na nyingine Agosti 2002, zilionyesha kwamba shinikizo la angahewa lilikuwa limeongezeka takribani maradufu tangu 1988. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba barafu ya naitrojeni huchelewa kuitikia joto la Jua, kama ardhi inavyochelewa kupoa baada ya adhuhuri. Matokeo hayo yalitegemea kuwepo kwa rekodi ya 1988 iliyotunzwa kwa namna inayoruhusu ulinganisho.

6.0 Enzi ya Gaia: Kutoka Kilomita Elfu hadi Makumi

Ugunduzi wa gimba 1992 QB1 uliofanywa na David Jewitt na Jane Luu mwaka 1992 ulifungua uwanja mpya wa magimba ya ng'ambo ya Neptune. Yalikuwa madogo, na njia zake zilijulikana kwa miaka michache tu ya uangalizi. Ilichukua hadi tarehe 9 Oktoba 2009 kwa Elliot na wenzake kupata, kutoka Hawaii, rekodi ya gimba la namna hiyo, 2002 TX300, likificha nyota. Novemba 2010, vituo viwili vya Chile vilirekodi Eris, na nusu kipenyo chake kikawa kilomita 1,163. Kipimo hicho kilikuwa na maana pana, kwani dhana kwamba Eris ni kubwa kuliko Pluto ilichangia mjadala uliobadilisha fasili ya sayari mwaka 2006. Tarehe 3 Juni 2013, Chariklo, gimba lenye upana wa takribani kilomita 250 linalozunguka kati ya Saturn na Uranus, lilipita mbele ya nyota huku likitazamwa kutoka Brazil, Argentina, Uruguay na Chile. Kundi lililoongozwa na Felipe Braga-Ribas lilieleza kuwepo kwa pete mbili nyembamba. Vituo ambavyo havikupitiwa na kivuli cha gimba lenyewe ndivyo vilivyorekodi pete peke yake, na kwa kutoliona gimba viliainisha mahali pete zilipoishia.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na chombo cha Gaia cha Shirika la Anga la Ulaya, kilichorushwa Desemba 2013. Kitangulizi chake, Hipparcos, kilipima kwa usahihi nyota zipatazo 118,000, idadi ndogo mno kwa kazi hii inayohitaji nyota hafifu. Toleo la kwanza la Gaia, la Septemba 2016, lilitoa nafasi za nyota zaidi ya bilioni moja, na toleo la pili la Aprili 2018 liliongeza mwendo wa nyota hizo angani. Tangu hapo kosa kubwa lililobaki ni la njia ya gimba fichi, na kila nyota inayofichwa hulipunguza, kwa kuwa huonyesha gimba lilikuwa wapi hasa wakati huo.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa gimba ambalo sasa linaitwa Arrokoth. Liligunduliwa kwa darubini ya Hubble mwaka 2014 kama shabaha ya New Horizons, likiwa na urefu wa takribani kilomita 36. Kivuli chake kingemfunika mwangalizi kwa sekunde moja au mbili. Tarehe 3 Juni 2017, makundi yenye darubini za kubebeka yalijipanga Afrika Kusini na Argentina. Hakuna aliyeona nyota ikififia. Katika kipindi cha picha za vioo, matokeo hayo yasingekuwa na tafsiri. Safari hii, kwa kuwa ukingo wa kosa ulijulikana, yaliweka mipaka kwa ukubwa wa gimba na kwa uwezekano wa kuwepo vumbi zito ambalo lingehatarisha chombo. Makadirio ya njia yaliboreshwa kwa vipimo zaidi vya Hubble na nafasi za nyota za Gaia zilizotolewa mapema kwa ajili ya kazi hiyo. Tarehe 17 Julai 2017, karibu na mji wa Comodoro Rivadavia nchini Argentina, darubini 24 zilipangwa kukingama njia ya kivuli. Wenyeji walizima taa, barabara kuu ikafungwa kwa muda, na malori yakatumika kukinga upepo. Darubini tano zilirekodi tukio. Mistari hiyo mitano, pamoja na zile zilizokosa kuona, ilitoa umbo linaloelekea kuwa la vipande viwili vilivyogusana, na New Horizons ilipopita tarehe 1 Januari 2019 ilithibitisha hivyo.

7.0 Nani Yupo Kivuli Kinapopita

Kivuli hakifuati mipaka ya bajeti. Huanguka pale hesabu inapokipeleka, na nyota hiyohiyo haifichwi mara ya pili. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo, na methali hiyo inaelezea kwa usahihi tofauti ambayo makala haya yamekuwa yakiichora. Mwangalizi aliyekuwepo asione ameacha kipimo. Mahali ambapo hapakuwa na mtu hapana kipimo cha aina yoyote, na pengo hilo halizibiki baadaye.

Kwa mtazamo huo, nafasi ya Afrika katika rekodi hizi ni kubwa kuliko inavyotajwa. Cape Town ilikuwepo mwaka 1977, Sutherland mwaka 1980, na mashamba na barabara za Afrika Kusini Juni 2017. Agosti 2018, timu za kimataifa zilishirikiana na wanasayansi wa Senegal kurekodi tukio jingine la Arrokoth wakati wa msimu wa mvua, ambapo hofu ya mawingu ilikuwa sehemu ya mpango. Mwezi uliofuata, darubini iliyo katika kituo cha HESS nchini Namibia ilirekodi Quaoar. Rekodi hiyo, ilipowekwa pamoja na za chombo cha CHEOPS na za wanafalaki wa ridhaa wa Australia za hadi mwaka 2021, ilimwezesha Bruno Morgado na wenzake kutangaza Februari 2023 kwamba Quaoar ina pete iliyo takribani kilomita 4,100 kutoka katikati yake. Nadharia iliyozoeleka ilitaraji nyenzo zilizo mbali kiasi hicho zijikusanye na kuwa mwezi. Upungufu mdogo wa mwanga uliorekodiwa nje ya gimba, ambao peke yake ungeweza kudhaniwa kuwa hitilafu, ulipata maana ulipolinganishwa na rekodi za mahali pengine na miaka mingine.

Jambo hili lina athari ya kiutendaji kwa vyuo vikuu vilivyo karibu na ikweta, vikiwemo vya Afrika Mashariki. Darubini zilizotumika Argentina na Senegal zilikuwa na upana wa takribani sentimita 40. Kilichohitajika pamoja nazo ni kamera ya haraka, saa inayofuata ishara za setilaiti, na nidhamu ya kutunza rekodi hata pale nyota inapokataa kufifia. Nchini Marekani, mtandao wa RECON umeweka vifaa vya namna hiyo katika shule na jamii za miji midogo, na wanafunzi hutoa vipimo vinavyoingia katika uchambuzi wa kitaalamu.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya nyota kufichwa na magimba ya mbali ni historia ya kujifunza kupima kosa. Mwaka 1965 kutoona kuliweka kikomo cha ukubwa wa Pluto. Mwaka 1977 kukiri shaka ya wakati kuliwafanya waangalizi waanze mapema na kuzikuta pete za Uranus. Katika miaka ya 1980 rekodi zilizopingana zilifichua tao za Neptune kwa sababu hazikutupwa. Mwaka 2017 usiku ambao hakuna aliyeona kitu ulisaidia kukilinda chombo kilichokuwa njiani.

Kwa mtafiti wa historia ya sayansi, matokeo haya yanadai mabadiliko katika uteuzi wa vyanzo. Daftari la kituo ambacho hakikuona kitu lina hadhi sawa na makala iliyotangaza ugunduzi, mradi lina mahali, saa na hali ya anga. Madaftari ya aina hiyo hayachapishwi mara nyingi na hupotea kwa urahisi watu wanapostaafu au vituo vinapofungwa. Inapendekezwa kwamba vyuo na vituo vya falaki, hasa vya kusini mwa dunia ambako matukio mengi kati ya yaliyojadiliwa hapa yalirekodiwa, vikusanye na kuhifadhi rekodi za kutoona pamoja na rekodi za kuona. Gimba litakalogunduliwa miaka ijayo huenda tayari lilipita juu ya mmoja wao, na kilichobaki cha kupita kwake ni mstari mmoja wa namba katika daftari hilo.